Mke wa Butkus, Mke wa Butkas

Danguolė Stankienė alikuwa na wivu wa tangu utotoni, na wala hakujisumbua kuuficha. Alimwonea wivu dada yake kwa nyumba inayopata jua kutwa, na jirani yake kwa matango yaliyowahi kuzaa wiki nzima kabla ya yake. Huo ulikuwa wivu mdogomdogo wa kupitishia siku. Wivu wenyewe, ule wa kumfanya mtu akatae keki na huku anaitamani, ulimjia mwezi wa Machi mwaka 2016, asubuhi Ugnė Norvaišė alipoingia ofisini na baiskeli mkononi akiuliza aiegeshe wapi.

Ofisi yenyewe ilikuwa hifadhi ya nyaraka ya mji mdogo kando ya mto Šventoji, ghorofa mbili na jiko la kupashia supu. Danguolė alikuwa pale tangu ana nywele nyeusi. Kazi yake watu wa nje hawakuielewa, na mumewe Vidmantas alikuwa wa kwanza katika hao. Kwa ufupi ilikuwa hivi. Vitabu vya kanisa vya ubatizo, ndoa na vifo vilikuwa vimechapwa na makarani wa kila parokia na kuwa nyaraka za XML, ambamo kila jambo limefungwa ndani ya lebo yake, na lebo hiyo ndani ya lebo nyingine, kama masanduku yaliyotiwa moja ndani ya jingine. Kanzidata ya ofisi haitaki masanduku. Inataka majedwali yenye safu zilizonyooka, jina huku, kijiji kule.

Matata yalikuwa kwenye lebo. Parokia moja iliandika "mama", ya pili "mzazi wa kike", na ya tatu karani mmoja mwenye akili zake aliandika "aliyezaa". Lazima awepo mtu wa kuiambia kompyuta kwamba lebo hizo tatu zinaingia safu moja. Orodha ya maagizo hayo waliiita ramani, na wakubwa wa Vilnius waliiita metadata, yaani habari zinazoeleza habari. Kwa miaka kumi na miwili ramani ile ilikuwa ya Danguolė peke yake. Aliihifadhi kwenye kompyuta yake, akaichapisha kwenye karatasi, akaiweka ndani ya jalada la kijani, na mtu akitaka kuiona alimwomba yeye. Parokia mpya ikija, alijifungia mwezi mzima akaiingiza lebo kwa lebo. Mwezi huo watu walinyata mlangoni pake, na alilipenda jambo hilo kuliko mshahara.

Zaidi ya hapo, mkuu wa kitengo alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Danguolė alikuwa amekitazama kiti kile miaka tisa. Alijua hata kwamba gurudumu moja la kiti lilikuwa bovu, na alishapanga kulibadilisha.

Sasa huyu Ugnė. Kwanza jina lake. Kwa Walithuania jina la ukoo la mwanamke husema habari zake kabla hajafungua mdomo. Mume ni Stankus, mkewe ni Stankienė, binti yao ni Stankutė. Ukisikia tu umejua nani kaolewa na nani bado. Lakini wasichana wa siku hizi wameruhusiwa kukata mkia wa jina na kubaki na herufi moja, ili lisiseme lolote. Norvaišė. Hilo ni la mke au la binti? Danguolė alilitazama kwenye karatasi ya ajira akaona ni jina la mtu mwenye la kuficha. Alimuuliza waziwazi siku ya pili, mbele ya wenzao wanaokunywa kahawa, kama ameolewa.

"Bi Danguolė, ndiyo maana nililichagua," Ugnė akasema, akacheka, akamkatia kipande cha keki.

Wenzake wote walicheka. Danguolė aliisukuma keki pembeni.

Ilipofika mwezi wa Juni, Ugnė alikuwa ameomba jalada la kijani. Aliliomba kwa adabu zote, tena kwa kusimama. Akalisoma siku nne, kisha akaenda kwa mkurugenzi, Bwana Rimvydas, na wazo lake. Ramani isikae kwenye karatasi wala ndani ya programu, alisema. Ikae ndani ya kanzidata yenyewe, kwenye jedwali lake, mstari mmoja kwa kila lebo: lebo inaitwaje, iko ndani ya lebo gani, inakwenda safu ipi, kwa kanuni ipi. Kompyuta itausoma mstari na kutenda. Parokia mpya ikija, hakuna haja ya kuandika programu upya. Unaongeza mistari tu.

Wazo lilikuwa zuri. Danguolė aliliona kuwa zuri dakika ileile, na hapo ndipo roho ilipomsokota. Kama lingekuwa la kipumbavu angemsaidia yule msichana kwa moyo mweupe. Parokia iliyokuwa ikimla yeye mwezi mzima, Ugnė aliiingiza kwa siku moja na nusu, na jioni akawahi kwenda kuogelea. Bwana Rimvydas, ambaye hutabasamu kwa kila mtu hadi inachosha, alianza kutabasamu zaidi upande ule. Akasema mbele ya wote kwamba vitabu vya vifo vya parokia kumi na tisa vitaingizwa Septemba kwa ramani mpya, na kwamba kazi hiyo ndiyo itakayomwonyesha nani anafaa kushika kitengo. Alisema "nani anafaa" huku akitazama dirishani, lakini dirisha lile lilikuwa nyuma ya Ugnė.

Hata hivyo Danguolė angeweza kujikaza. Kilichomvunja kilikuwa uyoga.

Ieleweke kwamba pale mtu anaweza kukuazima gari, akakupa ufunguo wa nyumba na akakusimulia ugonjwa wa tumbo lake, ila hatakuambia anapookotea uyoga. Baba humwambia mwanawe akiwa karibu kufa, na wengine hata hapo hunyamaza. Vidmantas alikuwa na mahali pake alipoachiwa na babu. Alimwoa Danguolė, akaishi naye mwaka wa kwanza, wa pili, kila vuli akimzungusha kwenye misonobari mitupu, na mwaka wa tatu ndipo alipomshika mkono akamwonyesha. Danguolė alihesabu kwamba aliolewa siku hiyo hasa.

Jumatatu moja ya Septemba Ugnė aliingia ofisini na kikapu kimejaa uyoga wenye miguu minene, safi, haujaliwa na mdudu hata mmoja, akamgawia kila mtu.

"Shukrani ni kwa Bwana Vidmantas," alisema. "Ijumaa alipokuja kukuchukua nilimuuliza kama kuna chochote msituni mwaka huu, akanichorea."

"Akakuchorea," Danguolė akasema.

"Nyuma ya risiti ya petroli. Hata mti uliopinda ameuweka."

Nyumbani siku hiyo Vidmantas alikuwa anamenya viazi. Aliposomewa shtaka lake hakuacha kumenya.

"Aliuliza," alisema.

"Na mimi sikuuliza? Miaka mitatu umenitembeza kama ng'ombe aliyepotea."

"Mama Stankienė, uyoga hautaisha."

"Usiniite hivyo. Yeye umempa kwa dakika mbili, tena kwenye maegesho. Ana nini yule?"

Vidmantas alifikiri kweli, na hapo ndipo alipokosea. "Anasikiliza ukimjibu," alisema.

Danguolė alilala amegeukia ukuta. Kesho yake, Jumanne, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya vitabu vya vifo kuingizwa, alifika kazini mapema, akaifungua ramani ya Ugnė kwenye sehemu ya majaribio, na kuanza kuitafutia kosa. Sitasema alikuwa analinda kazi ya ofisi. Alikuwa anatafuta kosa kama mtu anayetafuta kiroboto kwenye shati la adui.

Alilipata kwa jina lake mwenyewe. Katika vitabu vya vifo wanawake wazee wameandikwa peke yao, bila mume. Karani aliona jina linatosha. Kompyuta, ili imweke marehemu kwenye familia yake, ilibidi itoke kwenye jina la mke ifike kwenye jina la mume. Sasa hapo kila Mlithuania anajua pana shimo. Ukiwa na Stankus utapata Stankienė, hilo halina shida. Lakini ukirudi nyuma, Stankienė anaweza kuwa mke wa Stankus, au wa Stankis, au wa Stankas. Mkia wa mke umeumeza mkia wa mume. Danguolė aliandika jina la bibi yake Vidmantas, Elžbieta Stankienė, aliyekufa mwaka 1938 na ambaye yumo kwenye karatasi za majaribio za kijiji cha kina Vidmantas. Kompyuta ikamweka kwenye nyumba ya mtu anayeitwa Stankas. Akajaribu majina mengine sita. Kila mke mwenye mkia ule kompyuta ilimpa mume anayeishia na -as, iwe ndiye au siye. Mstari wa mia na kumi na saba wa ramani ulikuwa unawaoza marehemu upya, na haukuwauliza.

Alikaa amelitazama kosa lile. Alihisi joto tamu kifuani, na nalisema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe baadaye alilisema hivyo. Ugnė aliingia, akatundika kofia yake, akamsalimia.

"Bi Danguolė, umewahi leo. Kila kitu salama?"

"Salama," akasema Danguolė, na kufunga dirisha la kompyuta.

Jumatano alikuwa na siku nzima ya kusema, akainyamazia. Alhamisi vitabu vya parokia kumi na tisa viliingizwa kwa saa tano, majina elfu arobaini na zaidi, na Bwana Rimvydas akaleta chupa ya mvinyo wa tufaha. Danguolė aligonganisha glasi na kila mtu.

Wiki tatu zilipita kimya. Kisha, Jumatatu ya katikati ya Oktoba, akaja Mzee Feliksas Butkus, mwenye miaka themanini na mmoja, amevaa suti, na karatasi ya hifadhi mkononi. Ilikuwa majira ya watu kusafisha makaburi, maana tarehe mosi Novemba ukoo mzima huja na mishumaa, na kaburi lisilo sawa ni aibu ya mwaka. Mzee huyu alikuwa anamwekea mama yake jiwe jipya. Jiwe la zamani lilivunjika miaka mingi iliyopita, tarehe hakuzikumbuka, akaomba karatasi, akampelekea mchongaji. Mchongaji alisoma alichopewa na kuchonga.

"Mama yangu ni Apolonija Butkienė," alisema kwenye dawati la mapokezi. "Mke wa Jeronimas Butkus, baba yangu, aliyemzika kwa mikono yake. Ninyi mmeandika mke wa Kazimieras Butkas. Mnamjua Butkas? Mwenye kinu. Kijiji kizima walikuwa wakimsema yule mwenye kinu na mama yangu, na baba aliyanyamazia maneno hayo hadi kufa. Sasa serikali imeyapiga muhuri, na jiwe limeyachonga."

Ugnė alimletea kiti na maji, akapiga magoti pembeni yake, akayaandika majina yote mawili. Danguolė alisimama mlangoni. Alikuwa amengoja wiki tatu Ugnė aaibike, lakini katika kungoja kwake hapakuwa na mzee ndani yake.

Jumatano kikaitwa kikao. Bwana Rimvydas hakutabasamu, na ilionekana hajazoea, uso ulikuwa umemkaa vibaya. Alisema wamekwisha kuhesabu wake elfu tatu na mia mbili waliopewa waume wasio wao, na kwamba Vilnius wamepiga simu. Akauliza mstari wa mia na kumi na saba ni wa nani.

"Wangu," Ugnė akasema.

"Ulijua kwamba mkia wa -ienė haurudi nyuma? Mtoto wa darasa la tatu anajua."

"Nilijua. Sikuuangalia mstari ule. Ni kosa langu."

Mkurugenzi akasema kwamba kasi bila uzoefu imewagharimu, kwamba Bi Stankienė ndiye atakayeisahihisha ramani, na kwamba kuanzia Januari kitengo kitakuwa chake. Wenzake wakamgeukia. Mmoja alimpa mkono. Miaka tisa alikuwa ameingoja sentensi ile, akaisikia, akateremka ngazi akiwa mwepesi kama msichana.

Alikaa mezani akaifungua ramani kwa haki yake sasa, akaufikia ule mstari ili aurekebishe. Huko nyuma aliuona kwenye sehemu ya majaribio, ambayo huonyesha kanuni tu. Hapa, kila mstari ulikuwa na habari zake wenyewe zinazoueleza: uliandikwa na nani, lini, kwa sababu gani. Akasoma. Chanzo: jalada la kijani. Aliyeandika: D. Stankienė. Tarehe: 14 Machi 2004. Sababu: Parokia hii karibu wote ni -as. Ya muda tu, nitarekebisha.

Akayasoma tena, na kumbukumbu ikamjia yote. Parokia ya kwanza kabisa, haraka, mkubwa akimsimamia kichwani. Parokia ile ilikuwa ya mpakani na kweli karibu wote walikuwa -as, na parokia zilizofuata zilileta ubatizo na ndoa, ambako mume ameandikwa wazi, kwa hiyo kanuni ile haikuguswa tena. Ilikaa miaka kumi na miwili ndani ya jalada lake. Ugnė aliinakili kama alivyoinakili mistari yake mingine yote, akaacha jina la mwenyewe palepale.

Danguolė alimkuta jikoni, anapasha supu.

"Kwa nini ulisema ni wako?"

"Niliunakili bila kuuangalia. Ukinakili bila kuangalia, umekuwa wako."

"Jina langu liko pale."

"Nililiona Jumatatu, mzee alipoondoka." Ugnė alipunguza moto. "Nikaangalia pia kama kuna mtu mwingine aliyewahi kukutana na kosa lile. Kompyuta huweka kila kinachotafutwa, Bi Danguolė. Elžbieta Stankienė, Jumanne ile ya Septemba, saa moja na dakika hamsini. Halafu majina mengine sita. Halafu nikaingia mimi, nikakuuliza kama kila kitu salama."

Danguolė akaufunga mlango wa jikoni. "Ungemwambia mkurugenzi."

"Ningemwambia nini? Kwamba hunipendi? Hilo analijua hata mchongaji wa mawe." Hakulisema kwa ukali, na ingekuwa afadhali angelisema kwa ukali. "Nilingoja Jumatatu useme, nikangoja Jumanne. Leo kikaoni nilikutazama kabla sijajibu."

Ilikuwa kweli. Alimtazama, na Danguolė alidhani ni macho ya kuomba msaada, akayafurahia.

Alirudi mezani. Ofisi nzima ilikuwa kwenye chakula. Akaifuta kanuni ya zamani, akaandika mpya: mke akiwa peke yake na mume hajulikani, aachwe bila mume, hadi mtu amtafute kwenye kitabu cha ndoa kwa macho yake. Yalikuwa maneno machache sana. Kompyuta, kabla ya kuhifadhi, ikamuuliza yale matatu iliyomuuliza kila mtu. Nani, akajaza. Lini, ikajaza yenyewe. Sababu, kisanduku kikabaki cheupe.

Angeweza kuandika "marekebisho" na kwenda kula. Januari ingefika, kiti kingekuwa chake, na gurudumu angelibadilisha. Alikaa akikitazama kisanduku, na wivu ulikuwa bado uko palepale kifuani, haukupungua hata chembe, ila haukuwa tena wa ramani wala wa uyoga. Msichana yule aliweza kusema "wangu" juu ya kosa lisilo lake, mbele ya watu wote, na yeye lililo lake hasa lilikuwa limemshinda kulitaja hata jikoni, mbele ya supu.

Akaandika: Kosa ni langu la mwaka 2004. Septemba mwaka huu nililiona kabla ya kuingizwa, nikanyamaza kwa wivu. D. Stankienė.

Akabonyeza kuhifadhi. Mstari uliohifadhiwa pale haufutiki, na kila anayeifungua ramani huusoma. Kisha akapanda ngazi kumwambia Bwana Rimvydas kwa mdomo wake, na kumuuliza ni kijiji gani anakokaa Mzee Butkus, apate kumwendea.